Hifadhi ya magazeti: tafuta kwa jina la wakati ule

Mhariri anasubiri, na hifadhi ya magazeti inasema hakuna matokeo? Badilisha jina kwanza. Habari za Kongo-Kinshasa za 1971 hadi 1997 ziko chini ya "Zaire". Burkina Faso kabla ya Agosti 1984, kwa magazeti ya Kiingereza, ni "Upper Volta". Jina la maneno mawili lifunge kwa alama za nukuu. Tarehe nayo isogeze mbele siku tatu nne, maana gazeti la asubuhi huchapa ya jana. Bado patupu? Kompyuta husoma vibaya kurasa zilizofifia, "rn" ikawa "m". Tafuta neno jingine la habari ileile, au fungua toleo zima usome kwa macho; huchosha, lakini hupatikana.