Raba za milango, shokapu na friji: namna ya kuzitunza kwenye jua na vumbi la Dodoma

Wakuu, Noah yangu ilianza kupiga mluzi mwaka jana mwezi wa saba, ule wakati upepo wa huku Dodoma unakuwa hauna adabu kabisa, kila nikifungua mlango wa nyuma nakuta siti zimejaa vumbi jekundu utadhani nimeacha vioo wazi usiku kucha. Fundi mmoja akaniambia raba zimekauka hizo, paka grisi zilainike. Nikapaka. Zikalainika kweli, afu zikavimba, zikaanza kuchomoka kwenye fremu, mlango haufungi mpaka uubamize, na ile grisi ikawa imekamata vumbi lote la kutoka Nkuhungu mpaka Mtumba. Nikanunua raba mpya milango yote, roho inaniuma.

Kumbe raba sio moja, na hapo ndo wengi tunapigwa. Raba ya mlango wa gari mara nyingi ni aina inayoitwa EPDM, inavumilia jua na mvua vizuri tu lakini mafuta yoyote yanayotokana na petroli ni sumu kwake, yaani grisi, dizeli, oili chafu, hata yale mafuta ya mgando unayojipaka mwilini. Sili za injini na shokapu, yaani zile raba za duara zinazozuia oili isivuje, ni kinyume chake, nyingi ni naitrili, hiyo imezaliwa kukaa na oili, ila jua kali ndo linaipasua. Na kwenye breki usijaribu kabisa, raba za ndani ya breki za hizi gari zetu zinataka breki fluidi ya DOT 3 au DOT 4 kama ilivyoandikwa kwenye kifuniko, ukimimina oili ya injini kisa fluidi imepungua na duka liko mbali, raba zinavimba na breki zinakwisha.

Sasa raba za milango. Anza na brashi kavu au kitambaa kikavu utoe vumbi kwanza, mana ukiwahi kumwaga maji unatengeneza tope linaingia kwenye mikunjo na hapo linasugua kama msasa kila ukifunga mlango. Afu chukua maji yenye sabuni ya maji kidogo, sabuni ya unga achana nayo ni kali, futa taratibu, mswaki wa zamani unafaa kwenye kona na kwenye vile vitundu vya chini ya mlango vya kutolea maji. Acha ikauke kivulini. Ikishakauka paka glisarini, ile ya kawaida ya duka la dawa, matone machache kwenye kitambaa, au spreyi ya silikoni kama unayo, upake nyembamba mpaka ukigusa kidole kisiteleze. Shemeji yangu wa Singida yeye anapaka mafuta ya alizeti, nimemwambia yakikaa yananata kama gundi lakini hasikii, alizeti kwao ni dawa ya kila kitu. Kiangazi mimi nafanya kila baada ya wiki tatu hivi, mvua zikianza Desemba napunguza. Na paki kivulini bana, mji uko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari na mawingu kiangazi hamna, jua la huku sio la mchezo, mwarobaini mmoja tu unatosha.

Ndugu zangu wa bodaboda, sili za shokapu za mbele ndo zinawatesa zaidi na mara nyingi hata hazijachakaa. Ukiona oili inachuruzika kwenye ule mguu unaong'aa usikimbilie kununua sili. Chomoa kwanza ile raba ya vumbi inayofunika sili, ipandishe juu, futa, utakuta mchanga umejipanga pale mdomoni. Kata kipande cha plastiki nyembamba, kava la faili linafaa sana, kikunje ncha kidogo kama ndoano, kipitishe kati ya sili na mguu ukizungusha taratibu, kitatoka na uchafu mweusi. Bonyeza shokapu mara kumi hivi, futa, angalia tena. Mara nyingi kuvuja kunaisha hapo hapo. Kama mguu una kijishimo cha kokoto au kutu, pitisha msasa laini sana wa namba 1000 kwenda juu, mpaka ukipitisha ukucha usikwame, la sivyo hata sili mpya utakayofunga leo itachanika ndani ya wiki. Na pale kwenye kuosha mwambie kijana asielekeze ile mashine ya presha kwenye sili, maji yanasukuma mchanga ndani.

Friji ni rahisi. Bana noti ya buku kwenye mlango, vuta, ikitoka bila kushikwa raba imelegea hapo, rudia mzunguko mzima. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, hasa kwenye mikunjo panapojaa sukari ya soda na ukungu, na pale ilipokunjika ikande kwa kitambaa cha maji ya moto mpaka irudi kwenye umbo lake. Ya presha kuka itoe kila ukimaliza kupika, ioshe, ikauke, na usihifadhi sufuria mfuniko ukiwa umelokiwa.

Ukinunua sili za akiba usizitundike kwenye msumari, zinavutika na kupoteza uduara. Zilaze kwenye mfuko, uweke kabatini mbali na jua. Na dukani kabla hujalipa ibinye ile sili kwa vidole uikunje kidogo ukiiangalia kwa karibu, kuna zinazokaa dirishani juani miaka, ikionyesha vimistari vyeupe au nyufa ndogo ndogo mrudishie mwenyewe.