Usukani wa boti si usukani wa lori

Shemeji yangu ameendesha malori kati ya Mbeya na Tunduma miaka kumi na tisa. Siku moja alikuja kututembelea Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, nikampa kana ya boti yangu, yaani mkono wa kugeuzia usukani, ashike huku mimi nikifua maji yaliyoingia botini. Mbele yetu, upande wa kulia, kulikuwa na mtumbwi wa akina mama wa kijiji jirani cha Ikombe, umejaa vyungu vya soko la Jumamosi. Shemeji akataka kuwakwepa kwa kushoto, akaivuta kana kushoto. Boti ikaenda kulia, ikawaelekea wale mama. Niliiangukia kana na kuisukuma kwa kifua. Tuliwapita kwa nafasi isiyozidi kafi moja. Tangu siku ile simkabidhi mtu kana kabla sijamweleza haya.

Usukani ni ubao uliosimama wima nyuma ya chombo, kwenye tezi, umeshikwa kwa bawaba ili ugeuke huku na huku. Kana ni mkono wa kuugeuzia. Ukisukuma kana kulia, ubao majini unageukia kushoto, na omo, yaani mbele ya chombo, inakwenda kushoto. Injini ya kupachika nyuma ina mkono wa namna hiyohiyo. Meli kubwa zina gurudumu, nalo limeunganishwa lifanane na la gari: zungusha kulia, uende kulia. Kwa hiyo mwanafunzi wangu nikimpa kana simwambii "kushoto" wala "kulia" siku ya kwanza. Namwambia: kana isukumie kule usikotaka kwenda. Akishazoea, mkono unajua wenyewe.

Sasa jambo ambalo vijana wengi hawalijui, na ndilo linalonifanya niandike. Usukani hauna nguvu yake. Nguvu ni ya maji yanayopita na kuugonga ubao. Boti ikisimama, geuza kana mpaka jasho likutoke, haitageuka. Kijana akiona mwamba mbele, mkono wake wa kwanza unakwenda kuzima mashine, na papo hapo anakuwa ameutupa usukani wake ziwani. Punguza mwendo, usizime. Kama mashine yako ni ya ndani na rafadha (pangaboi la kusukuma boti) iko mbele ya usukani, kusukuma moto kidogo kunarusha maji kwenye ubao, na boti inageuka hata ikiwa karibu imesimama. Ukirudi nyuma mambo ni tofauti: rafadha inarusha maji kuelekea omo, usukani unabaki karibu bure. Tegemea kafi na kamba.

Jambo la pili: gari hufuata magurudumu ya mbele, lakini boti hutupa tezi nje. Ukigeuka kulia, nyuma inakwenda kushoto kabla hujaona omo ikiingia kulia. Ndiyo maana ukiondoka ukiwa umebanana na boti nyingine, usikate kona ghafla, utaigonga kwa nyuma. Na Mungu aepushe, mtu akianguka majini upande wa kulia, geuza boti kulia upesi. Tezi na rafadha vitamkimbia. Mfundishe hili kila anayeshika kana yako, hata mtoto.

Binti yangu aliniuliza kama ndege nazo zina usukani. Nilimpeleka uwanja wa Songwe, ule uliofunguliwa mwaka 2012, tukaitazama ndege mkiani: lile bawa lililosimama wima, ukingo wake wa nyuma unachezacheza. Ndio usukani, na rubani anausukuma kwa miguu. Ila ndege haipindi kona kwa usukani peke yake. Inalala upande kwa mabawa, na usukani unaifanya pua ifuate badala ya kuburutwa upande wa pili. Ndugu wawili Wright wa Marekani waliligundua hilo mwaka 1902 kwa ndege yao isiyo na injini. Mkia wake ulikuwa hauchezi, na mara nyingine ikilala ilijizungusha mpaka chini. Walipoufanya mkia ugeuke, wakaweza kuiongoza, na mwaka 1903 wakaruka na injini. Ndege ikitambaa polepole uwanjani, upepo unaopita mkiani ni mdogo, hivyo rubani anaiongoza kwa gurudumu la pua. Ni kama boti yangu iliyozimwa.

Kutengeneza usukani wa boti. Mimi hutumia mvule mkavu. Kwa boti ya mita 7 nakata ubao wa upana wa sentimita 40, unaozama kama sentimita 50, na chini usipite mkuku, ule mti wa chini kabisa wa chombo, maana mchanga wa Matema utauvunja siku ya kwanza ya kutua. Ukingo wa mbele uwe wa mviringo, wa nyuma upunguzwe uwe mwembamba. Misumari ya bawaba iwe miwili, na wa chini uzidi wa juu kwa urefu wa kidole. Ukiwa majini unatumbukiza wa chini kwanza, ndipo wa juu unapata njia. Mafundi wengi wanailinganisha sawa, halafu mtu anahangaika nusu saa kwenye mawimbi. Funga kamba ya kuzuia usukani usinyanyuke ukang'oka. Weka pia vizuizi, kana isipite takriban nyuzi 35 kila upande. Zaidi ya hapo maji hayauzunguki ubao vizuri tena, yanavurugika nyuma yake, na unakuwa umepiga breki badala ya kugeuka.

Halafu kuna Mwera, upepo wa kusini unaotusumbua hasa kuanzia Mei hadi Agosti. Ukitoka Ikombe kurudi Matema unakusukuma kutoka nyuma, na hapo ndipo watu wanazama. Wimbi likikufikia kwa nyuma, maji yanakwenda nawe mwendo mmoja, usukani unakosa cha kuuma, boti inaanza kuupa wimbi ubavu. Usisubiri uone omo imeshapinda. Sikiliza tezi ikianza kunyanyuka, sukuma kana kidogo, irudishe, sukuma tena. Kidogo na mapema. Mashine isizimwe.

Na mzigo uangalie kabla ya kufungua kamba. Mwaka juzi nilikataa kuondoka Ikombe mpaka vyungu vilivyorundikwa omo vihamishiwe katikati na nyuma. Abiria walilalamika, saa nzima ilipotea. Lakini omo nzito inachimba maji na kuinua tezi, na nilikuwa nimeshaona robo ya usukani wangu iko hewani tukiwa bado tumefungwa kwenye mti.