Kitabu cha chuoni hutafutwa kabla ya kuvuka Mokowe

Kwa mwanafunzi aliyerudi kukaa Amu, yaani kisiwani Lamu, maktaba ya chuo si mahali pa kupitia ukitoka sokoni. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, katikati ya Malindi na Mombasa; mpaka ufike umeshavuka kwa boti hadi Mokowe, gati ya upande wa bara, na kukaa ndani ya basi saa nyingi. Uliza kwanza kwenye maktaba iliyo ndani ya Ngome ya Lamu, labda safari yenyewe haina haja. Kama ipo haja, sehemu kubwa ya kazi ifanye ukiwa bado barazani, simu mkononi.

Anza na katalogi ya mtandaoni, wala usiipapie. Vitabu vyetu vinapotezwa na tahajia. Utungo wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 unaweza kuwa umeingizwa kama Mwana Kupona au Mwanakupona, utendi au utenzi. Sayyid utamkuta Seyyid, hata Saiyid. Kompyuta haijui kwamba Mwamu akisema utendi na mwalimu wa shule akisema utenzi, wote wanasema kitu kimoja. Mimi nimewahi kurudi mikono mitupu kwa sababu ya hiyo z, na kitabu kilikuwapo siku zote kwenye rafu, kimeandikwa kwa d. Jaribu kila namna, kisha tafuta kwa mada pia.

Ukikipata, nakili namba yake ya rafu yote mpaka herufi ya mwisho. Tazama kama kipo, kimeazimwa, au ni cha kusomewa humo humo; kamusi, ensaiklopidia na tasnifu kwa kawaida hazitoki nje.

Vyuo vingi hupanga vitabu kwa mfumo wa Maktaba ya Bunge la Marekani. Humo fasihi ya Kiswahili iko PL8704, uvuvi uko SH, historia ya Afrika DT. Wengi hupotezwa na tarakimu zinazofuata herufi baada ya nukta, kwa kuwa husomwa kama desimali: .M125 hutangulia .M2. Ukizihesabu kama bei ya samaki utakipita kitabu chako mara tatu. Ukishakishika, angalia na majirani zake kushoto na kulia. Mara nyingi kilicho bora zaidi ndicho ambacho hukukijua.

Usisahau kitambulisho cha chuo, daftari na chaja. Begi kubwa huenda ukaambiwa uliache mlangoni, basi pesa na simu ziwe mfukoni.

Kabla kitabu hakijagongwa muhuri, hesabu siku za kukaa nacho, utoe na za safari, na uulize kama unaweza kuongezewa muda bila kurudi mwenyewe. Kipekue pia. Ukurasa uliochanika mwoneshe mkutubi pale pale, usije ukalipia wewe.

Bado kuna bahari. Wakati wa kusi maji huruka mpaka ndani ya boti, na mifuko ya plastiki ya dukani ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017. Mkebe wenye kifuniko, ule wa kutilia mahamri, unafaa sana. Uoshe kwanza, maana mafuta yakishaingia kwenye karatasi hayatoki.