SOMO: Kuuza hereni, shanga na kadi za harusi mtandaoni ukiwa Mwanza

Habari zenu mafundi. Wengi mmeniomba somo la kupata wateja mtandaoni, na karibu wote mnaulizia picha. Picha nitazigusa. Ila kinachowaumiza mafundi wenye mikono mizuri kabisa ni makubaliano: bei ya kukisia, rangi waliyoelewana kwa mdomo, tarehe ambayo hakuna aliyeiandika. Hereni ikichelewa mteja atanuna, yataisha. Kadi za harusi zikichelewa, kamati nzima imekwama na ukumbi umeshalipiwa. Kwa hiyo somo hili litaegemea huko.

Hatua ya 1: Anza na mitindo michache unayoweza kuirudia

Mteja akiona hereni kwenye ukurasa wako anataka zilezile, siyo ndugu yake. Nunua shanga za kutosha kwa mkupuo mmoja, maana zinazoingia baadaye zinaweza kupishana rangi kidogo hata kama pakiti inafanana. Ukiagiza, kumbuka namba ya shanga ikipanda, shanga inakuwa ndogo: namba 11 ni ndogo kuliko namba 8.

Halafu kuna jambo la uzi. Huku kwetu ziwani nailoni ya kuvulia inapatikana kirahisi na kwa bei nafuu, na wengi wanatungia mikufu. Mimi siishauri. Inavutika, fundo lake linateleza, na jua likiipiga muda mrefu inakatika. Tumia waya laini wa kutungia shanga, ubane ncha kwa plaizi. Mkufu ukikatika kanisani, mteja hatakumbuka kwamba ulimpunguzia bei.

Hatua ya 2: Piga hesabu mpaka mwisho

Hizi ni bei za mfano tu, weka za kwako. Oda ni kadi 200 za ukubwa wa A6. Karatasi moja ya A4 inatoa kadi 4, hivyo unahitaji karatasi 50. Weka 55, kwa sababu zitakuwepo za kuharibika.

Karatasi nzito, 500 kila moja: 27,500.
Kuprinti, 1,000 kila karatasi: 55,000.
Bahasha 220, 200 kila moja: 44,000.
Utepe: 8,000.
Jumla ya vifaa: 134,500.

Wengi wanaishia hapo. Wanagawa kwa 200, wanapata kama 670, wanauza kwa 800 na kujiona wamepata faida. Sasa weka mikono yako. Kukata, kufunga utepe na kutia kwenye bahasha, tuseme dakika 3 kwa kadi: hizo ni saa 10. Ukijilipa 3,000 kwa saa, ni 30,000 nyingine. Jumla 164,500, yaani zaidi kidogo ya 820 kwa kadi. Aliyeuza kwa 800 amemchangia bwana harusi bila kadi ya mchango! Na bado hujahesabu bando, bodaboda wala umeme. Kwa mfano huu, mimi ningeuza 1,200 na nisingeona aibu.

Hatua ya 3: Picha

Piga asubuhi, kivulini au karibu na dirisha, juu ya karatasi nyeupe. Weka rula pembeni ili ukubwa uonekane, na hereni ipige angalau mara moja ikiwa sikioni. Usitumie vichujio vinavyobadilisha rangi. Yatosha.

Hatua ya 4: Oda iwe ya maandishi

Hapa ndipo kazi ilipo. Mkiongea kwa simu, kata simu kisha mwandikie WhatsApp kila mlichokubaliana, naye ajibu "sawa". Andika idadi, ukubwa, rangi, bei, malipo ya awali, tarehe ya kukabidhi na nani analipa usafiri.

Rangi usiipokee kwa picha. "Maruni" ya simu yake siyo ya simu yako. Mwombe akutumie kipande cha kitambaa cha sare ya wasimamizi, hata kama ni kidogo kama kiganja. Kama yuko mbali, wewe mtumie vipande vya karatasi na utepe achague.

Kwa kadi, usiprinti hata moja kabla mteja hajapitisha nakala ya mwisho. Kabla hujamtumia, fanya haya:

- Fungua kalenda uhakikishe siku na tarehe vinakubaliana. Kama kadi inasema Jumamosi, iwe Jumamosi kweli.
- Saa iandikwe kwa Kiswahili na sehemu ya siku: "saa 8:00 mchana". Ukiacha "8:00" peke yake, kuna wageni watakaofika asubuhi.
- Majina ya wazazi yathibitishwe na mtu wa upande wao. Bwana harusi anaweza kukosea jina la baba mkwe.
- Kadi ya mchango ina namba za kupokelea pesa. Piga kila namba, usikie nani anapokea, na jina linalotokea wakati wa kutuma pesa liwe lilelile lililo kwenye kadi. Tarakimu moja ikikosewa, michango inakwenda kwa mtu asiyewajua.
- Kadi za singo (mtu mmoja) ngapi, za dabo (watu wawili) ngapi? Uliza mapema, kamati hubadilisha.

Malipo ya awali yafunike vifaa vyote. Kwenye mfano wetu, kadi 200 kwa 1,200 ni 240,000, na vifaa ni zaidi ya nusu yake, kwa hiyo omba asilimia 60, yaani 144,000.

Hatua ya 5: Kufungasha na kutuma

Karatasi hunyonya unyevu ikajikunja, na hewa ya ziwani mnaijua. Zilaze kadi, zifunge kwenye mfuko wa nailoni, ndipo uweke kwenye boksi gumu. Kwa basi, piga picha risiti ya kifurushi na umtumie mteja hapohapo. Tangu Daraja la Magufuli la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, mzigo wa Sengerema na Geita hausubiri tena kivuko cha Busisi. Wa Ukerewe bado unategemea meli ya Nansio, kwa hiyo acha siku za ziada.

MASWALI YA WANACHAMA

*Igoma: Mwangaluka mwalimu. Mteja anasema hatoi malipo ya awali mpaka aone mzigo. Nifanyeje?*

Mwangaluka dada. Hereni zilizo tayari, mpe akague akilipa. Kadi yenye majina ya watu huwezi kumuuzia mwingine, hivyo bila malipo ya awali usianze. Mtengenezee kadi moja ya sampuli, ailipie hiyo tu, aishike. Akiridhika atatoa.

*Nyakato: Nimetumiwa meseji ya malipo, kumbe feki. Mzigo umeondoka.*

Pole sana ndugu yangu. Meseji siyo pesa. Angalia salio kwanza, kila mara, hata kama bodaboda anapiga honi nje. Karipoti polisi ukiwa na ile meseji na namba yenyewe.

*Sengerema: Shikamoo. Wateja wawili wanalalamika hereni zinawasha masikio.*

Marahaba mwanangu. Mara nyingi ni nikeli iliyomo kwenye ndoano za bei rahisi. Tumia chuma kisichoshika kutu cha daraja la upasuaji au fedha halisi (silva) ya 925, na uandike kwenye maelezo ndoano ni ya nini. Shanga zako hazina kosa, badilisha ndoano tu.

*Buzuruga: Kadi za simu zenye msimbo wa kuskani mlangoni si zitatuua?*

Ziuze na wewe, kaka. Kamati nyingi zinataka vyote viwili: za simu kwa wachangiaji wa mbali, za karatasi kwa wazazi, wazee na viongozi wa dini. Kipindi cha Kwaresima, oda za Wakatoliki zikipungua, ndio wakati wa kujifunza kuzisanifu, maana baada ya Pasaka hutapata nafasi.

*Kirumba: Naruhusiwa kuweka kadi ya mteja kwenye ukurasa wangu?*

Mwombe ruhusa kwa maandishi, na hata akikubali, funika namba za simu na jina la ukumbi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na namba za kamati ni za watu. Kama harusi bado, subiri ipite ndipo uiweke.