Umeme wa tela la kulala: kutoka betri hadi inveta, kwa safari za pwani ya Tanga

Inveta haizalishi umeme wala haiutunzi. Kazi yake ni kuchukua volti 12 za betri na kuzigeuza ziwe volti 230 za hezi 50, kama umeme wa TANESCO. Anayefunga inveta ya wati 3,000 kwenye betri moja ya gari ya N70 (karibu ampia-saa 70) ameweka bomba nene kwenye kisima kikavu. Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani kuuliza bei ya inveta, kaa chini na kalamu.

Andika kila kifaa, wati zake na saa utakazokitumia kwa siku. Chukua mfano wa familia inayolala siku tatu kwenye ufuko wa Ushongo, Pangani, mbali na soketi. Taa nne za LED za wati 5, saa tano: wati-saa 100. Feni mbili za wati 15, saa nane: 240. Friji ya volti 12 ya wati 45, ambayo mota yake huzunguka karibu nusu ya siku: 540. Simu na kompyuta: 100. Jumla ni wati-saa 980 kwa siku. Joto la pwani likipanda, friji ndiyo itakayovuruga hesabu, maana mota haipumziki. Usiiweke ukutani bila upenyo wa hewa nyuma yake.

Vifaa vyote hivyo, isipokuwa labda kompyuta, vinaweza kukaa upande wa volti 12. Viache hukohuko. Ukivipitisha kwenye inveta unapoteza asilimia 10 hadi 15 njiani. Tena inveta yenyewe hula hata ikiwa haina mzigo: ikila wati 10 tu, ukiiacha imewashwa usiku na mchana imemeza wati-saa 240, sawa na feni zote mbili. Iwashe unapotumia kifaa cha volti 230 kama blenda, kisha izime.

Sasa betri. Betri ya volti 12 yenye ampia-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi. Ya risasi, iwe ya maji au kavu, usiishushe chini ya nusu, la sivyo itakufa mapema. Kwa wati-saa 980 unahitaji mbili, za umri na aina moja. Ya lithiamu ya fosfeti ya chuma inaweza kutoa asilimia 80 bila manung'uniko, hivyo moja inakaribia kutosha, lakini haikuachii akiba ya siku ya mawingu, na masika unayajua. Betri ya kuwashia gari isikaribie hesabu hii. Sahani zake ni nyembamba, zimetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, si kuwasha feni hadi alfajiri. Betri ya maji ikae kwenye sanduku lenye tundu la kutolea hewa nje ya tela, kwa sababu ikichajiwa hutoa gesi ya haidrojeni.

Waya ndio mahali watu wanapobana pesa, na ndipo inveta nyingi zinaposingiziwa ubovu. Wati 1,000 kwenye volti 230 ni ampia nne na kidogo. Wati hizohizo kwenye volti 12, ukiongeza na upotevu wa inveta, ni karibu ampia 95. Chukua waya wa shaba wa milimita za mraba 10, betri ikiwa mita mbili kutoka kwenye inveta: umeme unakwenda mita mbili na kurudi mbili, volti 0.67 zinapotea, na wati zaidi ya 60 zinageuka joto ndani ya waya. Ukitumia wa milimita za mraba 35, kinachopotea ni volti 0.2 tu. Bora zaidi, sogeza inveta iwe karibu na betri, kisha urefu wote upeleke upande wa volti 230, ambako waya wa 2.5 unatosha.

Kwa mfano huo wa wati 1,000, fyuzi ya ampia 125 ikae kwenye waya chanya, sentimita 20 au pungufu kutoka kwenye betri. Ikikaa kule kwenye inveta, waya wote wa katikati hauna mlinzi. Usitumie breka ya nyumbani upande huu. Umeme wa TANESCO hupita sifuri mara 100 kwa sekunde na cheche huzimika. Wa betri haupiti sifuri, cheche inaweza kuendelea kuwaka ndani ya breka.

Inveta yenyewe: chagua ya wimbi safi, ile mafundi wanayoiita pyua sain. Za bei chee hufanya mota zipate joto na kunguruma. Angalia pia nguvu ya kuanzia, kwani mota ya friji ya volti 230 inaweza kuvuta mara tatu hadi saba ya wati zake kwa muda mfupi inapoanza. Birika la wati 2,000 lisahau, chemsha chai kwa gesi.

Kuchaji kwa sola ya juu ya paa: wati 200 kwa saa tano za jua kali, ukitoa robo kwa joto, vumbi na paneli kulala bapa, ni wati-saa 750. Haitoshi kwa mfano wetu. Wati 300 zinatoa 1,125. Kivuli cha jani moja la mnazi juu ya paneli kinaweza kushusha uzalishaji kuliko unavyodhani, hivyo egesha kwa akili, na nazi zenyewe pia si rafiki wa paneli.

Kuchaji kutoka kwenye gari kupitia waya mwembamba wa plagi ya tela hakujazi betri. Mita nane za kwenda na nane za kurudi kwa waya wa 2.5, kwa ampia 10, zinapoteza volti 1.1. Vuta waya wa 16 wenye fyuzi kila mwisho, na karibu na betri ya tela ufunge chaja ya kupandisha volti.

Ukifika penye TANESCO, swichi ya kubadilisha njia ni lazima. Umeme wa inveta na wa TANESCO usikutane kamwe, hata kwa sekunde. Weka breka ya mshtuko ya miliampia 30, ile inayokata umeme unapovuja, na usome kitabu cha inveta kuhusu kuunganisha nyutro na ethi; bila muungano huo breka hiyo inaweza isifanye kazi unapotumia betri. Waya wa kuunganishia ulio kwenye rola uukunjue wote, ukibaki umejiviringa hupata moto.

Hewa ya chumvi hula shaba. Tumia lagi (vichwa vya kuungia waya) za shaba zilizopakwa bati, zibane kwa koleo lake, si nyundo, kisha paka grisi. Baada ya barabara yenye mashimo kaza bolti zote upya.

Inveta ikilia na kuzima blenda inapoanza, usiibadilishe kwanza. Pima volti kwenye vichwa vya betri na kwenye inveta wakati mzigo ukiwa umewashwa. Betri ikisoma 12.3 na inveta 11.0, tatizo ni waya, fyuzi au lagi: pitia kila kiungo, kile chenye moto ndicho. Zikishuka zote mbili pamoja, betri haina chaji au imechoka. Zote zikibaki juu ya 12 na bado inazima, mzigo umezidi uwezo wa inveta, na hapo ndipo pa kuiangalia.