Vibanio vya mpira maabara: wapi ukaze, wapi uache wazi

Kuna siku nilifurisha maabara kwa kibanio kimoja cha skrubu, na kibanio chenyewe kilikuwa kizima kabisa. Kondensa, ule mrija wa kioo wa kupoza mvuke uliozungukwa na jaketi la maji, inafanya kazi, maji yanaingilia chini yanatokea juu kama inavyotakiwa, ila yanaenda kinyonge na jaketi halijai vizuri, nikasema ngoja nibane kidogo mpira wa kutolea ili yajae. Yakajaa kweli, nikajiona fundi. Baadae presha ya bomba ikarudi, na waliozoea maji ya mgao wanajua yanavyorudi, yanakohoa kwanza afu yanakuja kwa nguvu zote, mpira wa kuingilia ukachomoka kwenye kioo ukaanza kujinyonganyonga mezani, maji kwenye jiko la umeme, kwenye daftari, kwenye shati.

Ukikaa ukafikiria wala sio ajabu. Kibanio hakili presha ya bomba, kinaigawa tu: upande wa bombani inabaki kubwa, upande wa pili inashuka. Mimi nilibana baada ya kondensa, kwa hiyo kondensa yote na mipira yake ikawa upande wa bombani. Ningebana kabla, kwenye mpira wa kuingilia, kondensa ingekuwa upande wa unyonge na njia ya kutokea iko wazi, hata maji yakirudi kwa fujo yanapita zake. Basi kabla hujagusa skrubu jiulize mambo mawili: chombo changu nakiweka upande gani wa kibanio, na kilichomo ndani kikitaka kutoka kitatokea wapi. La pili likikosa jibu, usikaze.

Kwenye droo utakuta vya aina mbili hasa. Cha springi, ule waya uliopindwa wenye sehemu mbili za kubonyeza kwa vidole, kinaitwa klipu ya Mohr, jina la Karl Friedrich Mohr, mkemia wa Kijerumani wa karne ya 19 ambaye bureti yake (ule mrija mrefu wa kupimia kimiminika) haikuwa na koki ya kioo, chini ilikuwa na kipande cha mpira na klipu basi. Hicho kinafunga au kinafungua, katikati hakuna, ukitaka matone machache lazima ukishikilie mwenyewe. Cha pili ni cha skrubu, klipu ya Hoffman, kifremu cha chuma chenye bapa linaloshuka likikandamiza mpira kadri unavyozungusha. Hicho ndo cha kurekebishia. Kama shule haina, seti ya dripu ina kile kigurudumu cha kusukuma na kidole, kwa maji ya kawaida kinafanya kazi nzuri tu, na seti nyingi zimeandikwa kwenye pakti matone mangapi ni mililita 1 (ya matone 20 ni ya kawaida sana) kwa hiyo unapata na kipimo humohumo. Ila iwe mpya ndani ya pakti, sio ya kuokota wodini jamani. Na usipitishie mvuke wala kimiminika kama asetoni, ile plastiki haiwezi.

Kitu kinachowachanganya watu wakianza na skrubu: unazungusha, unazungusha, hakuna kinachobadilika, afu nusu mzunguko wa mwisho kila kitu kinakata. Wanadhani klipu mbovu. Sio mbovu, ndivyo mirija ilivyo. Kwenye mrija wa duara, maji yakienda taratibu, mtiririko unafuata kipenyo kwa kipeo cha 4, yaani punguza kipenyo kibaki nusu, mtiririko unabaki sehemu 1 ya 16. Mpira uliobanwa unakuwa bapa kwa hiyo hesabu haiji hivohivo, lakini tabia ni ileile, mwanzo kimya, mwisho ghafla. Dawa yake ya zamani ni kuingiza kipande cha waya mwembamba wa shaba ndani ya mpira pale unapobana. Mpira ukikandamizwa unashindwa kujifunga kabisa kuzunguka ule waya, kinabaki kijinafasi kidogo pembeni, na hapo ule mzunguko wa mwisho unakuwa mrefu, unaweza kuchezea matone moja moja. Kama kinachopita kinakula shaba, mfano asidi ya naitriki, waya huo usiuweke... tena kwa hiyo asidi hata mpira wenyewe hautakiwi, tafuta koki ya kioo.

Sasa twende kwenye kazi ambayo vibanio vinaonyesha akili yake yote, kutoa mafuta ya karafuu kwa mvuke. Pemba wanafanya kwa mapipa makubwa, tena makonyo, vile vijiti vya karafuu, ndo yanachemshwa sana maana karafuu yenyewe ina bei, sisi mezani tunatumia gramu chache za karafuu zilizotwangwa. Eujenoli, ambayo ndo sehemu kubwa ya mafuta yale, peke yake inachemka kwenye nyuzi 254 hivi, lakini ikipigwa na mvuke inapanda pamoja na maji chini kidogo ya nyuzi 100.

Unakuwa na flaski mbili. Ya kwanza inachemsha maji tu, ina mrija wa kioo mrefu uliosimama wima, chini umezama majini, juu uko wazi. Huo ndo mrija wa usalama, na ndo jibu la lile swali la kitatokea wapi. Flaski ya pili ina karafuu na maji kidogo, mvuke unaingia kwa mrija unaofika karibu na chini, afu unatoka kwenda kondensa. Katikati ya flaski hizo mbili weka kiungo cha T, mguu wake uangalie chini, uvalishe kipande cha mpira na klipu ya springi. Kile kipande watu wanakidharau sana, wengine wanaunga mpira moja kwa moja wanasema T ya nini. Ngoja uone.

Unapowasha moto klipu iwe wazi. Maji yakianza kuchemka, mvuke wa kwanza unakutana na kioo cha baridi unageuka maji, yote yanatokea kwenye T badala ya kwenda kuijaza flaski ya karafuu. Ukiona mvuke unatoka kwa nguvu, funga klipu (tumia koleo au glovu, mvuke unaunguza kuliko maji yanayochemka), mvuke unageukia kwenye karafuu. Katikati ya kazi ukisikia gulgulu kwenye mpira, fungua sekunde chache maji yatoke, funga. Na jicho moja liwe kwenye mrija wa usalama. Kila sentimita 10 maji yanazopanda juu ya kawaida ni kama kilopaskali 1 ya presha imeongezeka mle ndani, yakipanda sentimita 50 ujue njia ya mbele imeziba, pengine vumbi la karafuu limekaa mdomoni mwa mrija. Hapo fungua klipu ya T kwanza, moto utafuata. Klipu ya skrubu isikae kabisa kwenye njia ya mvuke kati ya karafuu na kondensa, hata kama unaona mvuke unakwenda kasi. Ukitaka upungue, punguza moto. Mililita 1 ya maji inatoa kama lita 1.7 za mvuke, huwezi kubishana nazo kwa skrubu.

Mwisho wa kazi ndo watu wanaharibu. Mafuta yameshapatikana, yamekaa chini ya maji kwa sababu eujenoli ni nzito kuliko maji, kila mtu ana furaha, mtu anazima moto. Zile lita za mvuke zinarudi kuwa mililita, flaski ya maji inavuta, na kitu cha karibu cha kuvutwa ni mchuzi wa karafuu. Mrija wa usalama unaweza kukuokoa na unaweza usikuokoe, inategemea umezama kiasi gani. Fungua T, sikia hewa inaingia, ndipo uzime.

Upande wa vakyumu, yaani kunyonya hewa itoke chomboni, akili inageuka. Pampu ya maji ya koki, ile inayofungwa bombani na maji yakipita yanavuta hewa, haina kitufe cha kupunguza, na kosa nililoliona kwa wengi ni kuweka kibanio kwenye mpira mkuu, kati ya pampu na flaski, wakiamini wanapunguza mvuto. Kama viungo havivuji, wanachelewesha tu, ukisubiri kidogo presha inashuka hadi ilikokuwa inakwenda. Namna inayofanya kazi ni kuvujisha kwa makusudi. Weka chupa ya mtego katikati, nene, yenye njia tatu: moja pampu, moja flaski yako, ya tatu mpira mfupi wenye klipu ya skrubu ulio wazi kwa hewa. Ukilegeza, hewa inaingia, mvuto unapungua. Ukikaza, mvuto unapanda. Hapa kibanio kinarekebisha uvujaji, pampu unaiacha ifanye kazi yake kwa nguvu zote. Na chupa hiyohiyo inakukinga siku maji ya bomba yakififia ghafla na pampu ikaanza kurudisha maji kwako.

Usishangae pia ukikaza mpaka mwisho na bado hupati vakyumu ya kwenye kitabu. Pampu ya maji haiwezi kushuka chini ya presha ya mvuke wa maji yenyewe. Maji ya nyuzi 15 yanakupa kama milimita 13 za zebaki, maji ya nyuzi 30, ambayo kwa pwani sio jambo la kushangaza, yanakukatia karibu na 32. Huo sio uvujaji, usianze kumwaga grisi kwenye kila kiungo.

Kama unachemsha chini ya vakyumu kuna kibanio kingine, kile cha juu ya mrija mwembamba sana wa kioo unaozama ndani ya kimiminika ili kuingiza viputo. Hapo ndo ule waya wa shaba unalipa. Unataka uzi mwembamba wa viputo unaopanda bila kukatika, sio mapovu kama sufuria ya uji. Rekebisha viputo baada ya vakyumu kutulia na kabla hujapasha moto, ukisubiri moto utakuwa unachezea skrubu huku kimiminika kinaruka. Kuzima ni kinyumenyume: moto uondoke, kipoe, legeza klipu za hewa zote taratibu, pampu iwe ya mwisho. Na flaski za chini bapa zenye ukuta mwembamba usizitie vakyumu, zile za kuchujia zina ukuta mnene kwa sababu.

Mpira wenyewe. Silikoni inarudi umbo lake haraka na inavumilia joto, kwa mvuke ni hiyo. Plastiki ya uwazi ukiibana siku nzima inabaki na alama, kesho yake hata ukifungua haifunguki vizuri, na kwa maji moto inalegea. Mpira wa asili unabanika vizuri kuliko yote ila mafuta na vimiminika kama heksani vinaufanya uvimbe na kunata. Ule mnene wa vakyumu klipu ya springi haiwezi kuufunga, usijidanganye kwa sababu umeona umeshika, tumia ya skrubu. Kujaribu kama imefunga kweli, zamisha ncha ya mpira kwenye bika la maji, puliza upande wa pili (mpira safi tafadhali), viputo vitakwambia.

Kuna na vile vibanio vya plastiki vya rangi, vya kushikia viungo vya kioo visiachane, njano saizi 14, bluu 19, kijani 24. Hivyo vinazuia chupa ya kupokelea isidondoke, havizuii presha, na juu ya nyuzi 140 hivi vinalegea, kwa hiyo viweke upande wa kondensa, shingo ya flaski ya motoni iachie klampi ya stendi. Hiyo klampi nayo kaza mpaka isizunguke, zaidi ya hapo unaomba kioo kipasuke.

Ukimaliza usifungie droo vibanio vikiwa vimebana mpira. Baada ya wiki kuta za ndani zinagandana, mtu anakuja anafungua klipu akiamini njia iko wazi kumbe imeziba, anawasha moto. Vua klipu, sokota mpira kwa vidole pale palipobanwa, pitisha maji uone yanatoka, afu kata sehemu iliyobaki bapa utupe.