Mtoto akiuliza kama Yezu alikufa: namna tunavyojibu nyumbani kwetu Kadutu

Mimi ni Mkatoliki. Mume wangu ni Mwislamu, ukoo wake umetoka Kasongo, Maniema. Tunaishi Kadutu, hapa Bukavu, na tuna watoto wanne. Juu ya kabati letu kuna Msahafu uliofungwa kitambaa cha kijani. Ukutani, karibu na dirisha, upo msalaba wangu, na nyuma yake nimechomeka tawi la Jumapili ya Matawi, limekauka mpaka limekuwa na rangi ya ugoro. Akina mama walioolewa kama mimi huniuliza: watoto wakitaka kujua habari ya msalaba, mnawaambia nini? Nawaandikia wao.

Kwetu swali lilikuja Ijumaa Kuu, tarehe 7 Aprili 2023. Mwaka ule iliangukia ndani ya Ramadhani, kwa hiyo mimi na baba watoto tulikuwa tumefunga wote wawili, kila mtu na sababu yake. Nilirudi kanisani jioni, nikawasha babula, jiko letu la makaa, nikaanza kukaanga sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kufuturia. Mtoto wetu wa pili, wakati ule ana miaka minane, akachuchumaa karibu nami, macho yako kwenye mafuta. Akasema: "Mama, leo umemlilia Yezu kwa kuwa alikufa. Mwalimu wa madrasa anasema hakufa. Nani anadanganya?"

Nikamjibu vibaya. Nilisema, "Nyamaza, hayo ya wakubwa." Akamwendea baba yake, naye akamkata: "Hakufa, basi." Usiku ule mtoto alichukua sahani yake akaenda kula mlangoni, peke yake. Mimi na mume wangu tulitazamana tukaona aibu. Baada ya Idi tulikaa jioni nyingi, vitabu viwili mezani, na taratibu ninayowapa hapa imetoka kwenye jioni hizo.

Anza kwa kuliondoa neno "kudanganya". Mweleze mtoto kwamba mwongo ni yule anayesema asichokiamini. Mama na baba wanaweza kusema mambo mawili yasiyopatana, na kila mmoja anasema la moyoni. Usivuke hapo mpaka uone ameelewa, maana mtoto anayedhani mzazi wake mmoja ni mwongo hatasikia kitu kingine chochote.

Kisha majina. Mimi nasema Yezu, wakwe zangu wanasema Nabii Isa, na mtoto mdogo anaweza kudhani ni watu wawili. Mwambie tunamzungumzia mmoja, mwana wa Mariamu, na umpe yale ambayo nyumba zote mbili zinayakiri: alizaliwa na bikira, ndiye Masihi, aliponya vipofu na wakoma, yuko hai kwa Mungu, na atarudi. Sura ya 19 ya Kurani inaitwa kwa jina la mama yake. Mama yangu mzazi aliishi miaka yote bila kujua kwamba Waislamu nao wanamngoja Yezu arudi. Siku mkwewe alipomwambia, alishika kidevu akakaa kimya muda mrefu.

Sasa fungueni vitabu. Msiamini mlichosikia sokoni wala kwenye vipaza sauti. Upande wa Kurani, nenda sura ya 4, An-Nisaa, aya ya 157: "hawakumuua wala hawakumsulubu, bali walifananishiwa." Aya ya 158 inasema Mungu alimwinua kwake. Someni polepole. Mimi niliolewa nikiamini kwamba Waislamu wote wanasema Yuda ndiye aliyetundikwa badala ya Yezu. Mume wangu akaweka kidole kwenye ukurasa akaniuliza, "Yuda yuko wapi hapa?" Hayupo. Aya haimtaji mtu yeyote. Habari za mtu aliyefananishwa na Isa zimetoka kwa wafasiri wa Kurani, nao wana kauli nyingi. At-Tabari, mmoja wao, aliyefariki mwaka 923, amezikusanya: katika mojawapo Isa anawauliza wanafunzi wake nani yuko tayari kuvikwa sura yake afe badala yake, na mmoja wao anajitolea. Wengine ndio wanaomtaja Yuda.

Msiruke sura ya 19, aya ya 33, ambapo Isa akiwa mtoto mchanga anasema amani iwe juu yake siku aliyozaliwa, siku atakayokufa na siku atakayofufuliwa. Mwanangu ndiye aliyeikamata: "Baba, si umesema hafi?" Hapo mume wangu ilibidi aseme vizuri kile alichokikata ile Ijumaa. Waislamu wengi wanaamini Isa ni binadamu na atakufa kama binadamu, ila bado. Atashuka kwanza, aishi duniani, ndipo afe. Sura ya 3, aya ya 55, Mungu anapozungumza na Isa, ina neno ambalo wengine wanalifasiri kukufisha, wengine kukuchukua au kukutimizia muda, na wanazuoni wamelijadili tangu zamani. Waahmadiyya, wafuasi wa Mirza Ghulam Ahmad wa India, wana njia yao: kwao aliwekwa msalabani, akashushwa akiwa hai, akafa mzee huko Kashmir. Mkikutana na jirani wa imani hiyo, msimjumlishe na wengine.

Upande wangu, Injili zote nne zinasema alikufa. Sikuanza na hubiri, nilianza na mambo ya kushikika. Marko 15:44: Pilato anashangaa kusikia amekwisha kufa, anamwita akida wake amuulize kama kweli. Yohana 19:34: askari anamchoma mkuki ubavuni, inatoka damu na maji. Halafu barua ya kwanza ya Paulo kwa Wakorintho, sura ya 15, inayosema wazi kwamba Kristu asipofufuka, imani yetu ni bure. Asiyekufa hafufuki. Kwa hiyo mtu akimwambia Mkristo "tuache hilo la msalaba, tubaki na mafundisho yake mazuri", ajue ameomba nyumba yote ibomolewe.

Neno moja kwa Wakristo wenzangu. Nilijaribu kumshinda mume wangu kwa ushahidi. Nilimtajia Tacitus, Mrumi wa mwanzoni mwa karne ya 2 asiyewapenda Wakristo, aliyeandika kwamba Kristu aliuawa chini ya Pilato. Baba watoto akanijibu bila hasira: aya imesema walifananishiwa, kwa hiyo waliotazama wakiandika walichokiona, mimi sishangai. Hapo niliona hoja hiyo haifiki anaposimama yeye. Na Mwislamu naye asilete ile inayoitwa Injili ya Barnaba, kitabu kinachosema Yuda ndiye aliyesulubiwa. Nakala zake zinazojulikana ni za Kiitaliano na Kihispania, za karne nyingi sana baada ya Yezu.

Mkishasoma, ulizaneni swali hili, ambalo kwetu lilifungua kila kitu: jibu lako linalinda nini? Mume wangu alikaa, akasema: "Mungu amwache mtume wake mikononi mwa maadui, wamvue nguo, wamtundike, wamcheke? Mungu ninayemjua hamtupi mtu wake." Akaongeza kwamba Kurani inafundisha hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine. Mimi nilimweleza siku za mwisho za mama yangu, alivyokuwa akishika rozari na midomo imepasuka kwa homa, na mimi siwezi kumpa hata maji. Nilimwambia: Mungu wangu amepita hapo. Alipasuka midomo akasema ana kiu. Aliubeba mzigo wangu kwa kuwa mimi singeuweza. Mume wangu hakukubali, nami sikukubali yake, lakini alinyanyuka akanichotea maji.

Kwa hiyo msimwambie mtoto kwamba ni mamoja. Si mamoja, naye ataligundua. Kila mzazi aseme "mimi naamini", mwingine asimkatize wala kumrekebisha mpaka amalize, na asiyejua aseme tutauliza, kisha aende kweli kumuuliza padri au shehe. Msilizungumze matangani. Niliwahi kuona shemeji na kaka yangu wakirushiana maneno ya msalaba mbele ya maiti, na mjane amekaa katikati yao.

Mwanangu nilimrudia jioni moja, tena pale pale jikoni. Nikamwambia: mimi naamini alikufa Ijumaa, akafufuka siku ya tatu, ndiyo maana nililia. Baba yake, amesimama mlangoni, akasema: mimi naamini Mungu alimwinua kabla hawajamgusa. Mtoto akafikiri, akauliza kama sambaza wameiva.

Sasa mdogo wake ameanza kutaka kujua yule akida alimjibu nini Pilato. Zamu hii ni ya baba yake kutafuta ukurasa.